JENGENI UKINGO KABLA MTU HAJAANGUKA
Neno kwa waajiri na wafanyakazi wa Mbulu na Hanang
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:18-19 na 33-34, Luka 10:30-35



Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi agizo dogo la Torati ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake. Akiacha kuuweka, na mtu akaanguka kutoka juu, hatia ya damu itakuwa juu ya nyumba ile.

Nyumba za nchi ile hazikuwa na mapaa ya mteremko kama zetu. Dari ilikuwa mahali pa kazi na pa kupumzika. Rahabu wa Yeriko alianika kitani juu ya dari yake, na mtume Petro alipanda darini kule Yafa ili asali. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na watu juu, na mwenye nyumba alijua kwamba wapo.

Angalieni, wapendwa, wakati ambao Mungu anasema na mwenye nyumba. Hasemi naye msibani, watu wanapochimba kaburi. Anasema naye matofali yakiwa bado yanapangwa na hakuna aliyeanguka. Tena hamwulizi kama ana huruma. Anamtaka aweke ukingo, kwa gharama yake, kwa ajili ya mtu ambaye huenda hata jina lake halijui. Huu ndio mzizi wa neno letu la leo, nalo lahusu fidia ya mtu aumiaye kazini na wajibu wa mwajiri wa kuiandaa mapema.

KAZI ZETU NA HATARI ZAKE

Wilaya zetu hizi mbili ni wilaya za watu wa kazi. Kule Hanang kuna mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupanuliwa katika miaka ya 1970 na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada wa serikali ya Kanada. Majina yake tunayajua sote: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret, Gidagamowd. NAFCO imepita, lakini ardhi ile bado yahitaji mikono ya watu. Kule Mbulu kuna mashamba ya vitunguu saumu na maharage, kuna wachana mbao, wafyatua matofali na wapasua kokoto. Kote kote kuna mashine za kusaga na za kukamua alizeti, kuna malori yenye utingo juu ya magunia, na kuna mafundi waliosimama juu ya majukwaa ya miti wakijenga madarasa, zahanati na makanisa.

Kila moja ya kazi hizi ina dari yake isiyo na ukingo. Mkanda wa mashine hushika mkono wa shati na kuuvuta mkono wenyewe. Trekta hupinduka kwenye mteremko. Dawa ya kuua magugu hupulizwa na mtu asiye na glavu wala kitambaa cha kufunika uso, na baada ya miaka kadhaa kifua chake hubana. Shimo la kokoto hukatwa kwa chini mpaka ukuta wake unashuka juu ya mchimbaji.

Na sisi watu wa Manyara hatuhitaji kufundishwa namna ardhi inavyoweza kumeza watu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Taifa zima lilikuja. Chakula kilikuja, mablanketi yalikuja, viongozi walikuja, na maombi yalipanda kutoka kila mahali. Tunamshukuru Mungu kwa upendo ule. Lakini yeye aangukaye peke yake kutoka jukwaani siku ya Jumanne hana taifa la kumjia. Hakuna gari la redio linalofika kwake. Huumia peke yake, na mara nyingi hulipa peke yake.

Tumtafakari kijana mmoja. Hatumtaji jina, maana si mtu mmoja, ni wengi. Ameajiriwa kibarua wakati wa mavuno. Mkono wake unaingia katika mashine. Anakimbizwa hospitali, Haydom au Katesh, na madaktari wanafanya yote wawezayo, lakini vidole vinne vimekwenda. Bosi analipa kitanda cha siku ya kwanza, anamkabidhi mkewe shilingi 50,000 na gunia la mahindi, anasema pole, na kesho yake kibarua mwingine amesimama penye mashine ile ile. Mwezi wa tatu mbuzi wameuzwa. Mwezi wa sita mtoto wa kwanza ameacha shule akachunge ng'ombe za watu. Ndipo habari inafika kanisani, na baada ya ibada sahani inapitishwa.

Hapo tupaangalie vizuri. Mchango ule ni tendo jema, na asiwepo wa kuuzuia. Lakini tufanye hesabu: ni nani aliyepunguziwa mzigo? Mjane aliyetoa shilingi 500 zake za chumvi amelipa sehemu ya deni la mwenye mashine. Mwenye mashine amevuna, ameuza, amehesabu faida. Na maskini wamekusanyika kumlipia gharama yake bila yeye kujua wala kushukuru. Huruma ya Wakristo isigeuzwe kuwa mahali pa kufichia deni la mtu mwenye uwezo.

NI DENI, SI SADAKA

Torati yasema wazi kwamba hili ni deni. Katika Kutoka 21:18-19 imeamriwa kwamba mtu akimpiga mwenzake hata akalala kitandani, asipokufa, yule aliyempiga amlipe kwa muda wa kazi alioupoteza, na amgharamie mpaka apone kabisa. Angalieni mambo mawili yaliyomo humo: ujira wa siku zilizopotea, na matibabu mpaka mwisho. Ni mambo yale yale yanayosemwa na sheria za fidia za siku zetu.

Tena sura ile ile, mstari wa 33 na 34, yamtaja mtu achimbaye shimo na asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia. Mwenye shimo atalipa. Hatauliza kama ng'ombe alikuwa mzembe. Basi, ikiwa Mungu ameweka fidia kwa ajili ya punda, je, mwana wa mtu atumbukiaye katika shimo letu la kokoto ana thamani ndogo kuliko punda?

Wazee wetu pia walilijua jambo hili kabla ya Injili kufika milimani kwetu. Miongoni mwa wafugaji wa Hanang damu ya mtu haikupita bure. Fidia ya ng'ombe ilitolewa, na haikutolewa na mtu mmoja tu; ukoo wake ulikusanya, huyu ndama, yule mtamba, mpaka deni likatimia. Walitambua kwamba msiba mkubwa wa siku moja haubebwi na zizi moja, bali hubebwa na mazizi mengi yanayotoa kidogo kidogo. Waajiri wa mjini na wa shambani leo wanaitwa kufanya hivyo hivyo.

SHERIA YA NCHI YATAKA NINI

Dunia ilichukua muda kulielewa jambo hili. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na mzigo wa michango ukawekwa juu ya waajiri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuwapa wafanyakazi wa mashambani haki ya fidia sawa na wenzao wa viwandani, kwa maana wengi walidhani mtu wa jembe haumii kama mtu wa kiwanda.

Hapa kwetu Tanganyika tulikuwa na sheria ya fidia tangu siku za ukoloni, lakini viwango vyake viliandikwa kwa shilingi za zamani, na kadiri miaka ilivyopita fidia ile ikawa kama kicheko kwa mlemavu. Mwaka 2008, mwezi Machi, mafuriko yaliingia katika migodi ya Mirerani, ndani ya mkoa wetu huu wa Manyara, na makumi ya wachimbaji wakafa chini ya ardhi. Vijana wengi wa migodi ile walikuwa wakifanya kazi kwa chakula na kwa ahadi ya mgawo jiwe likipatikana, bila mshahara wa kuandikwa popote. Mtu ambaye jina lake haliko katika daftari la mishahara, akifa, familia yake yaanzia wapi kudai?

Mwaka huo huo wa 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Yatupasa tujue mambo machache ya sheria hii, maana watu wengi huonewa kwa kutojua.

Kwanza, kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, mkubwa na mdogo, yampasa kujiandikisha katika Mfuko na kuchangia kila mwezi. Mfuko ulipoanza, mwajiri binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na hadi asilimia 0.5 mwaka 2022.

Pili, mchango huu hulipwa na mwajiri peke yake. Mwajiri amkataye mfanyakazi hata senti moja kwa ajili ya Mfuko huu anamdhulumu.

Tatu, mfanyakazi aumiaye kazini, au apataye ugonjwa uliosababishwa na kazi, hutibiwa kwa gharama ya Mfuko. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa sehemu ya ujira wake. Akibaki na ulemavu wa kudumu, hulipwa kwa kadiri ya ulemavu wake. Akifa, kuna msaada wa mazishi, na mjane au mgane na watoto hupata pensheni. Haya yote hutolewa bila kuanza kwanza na kesi ya kutafuta nani mwenye kosa.

Nne, ajali ikitokea, mwajiri ana siku 7 tangu alipopata habari kuitolea taarifa kwa Mfuko. Madai nayo yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

TUFANYE HESABU

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Basi tuketi. Tuseme mlinzi analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Nusu ya asilimia moja ya fedha hiyo ni shilingi 750. Mwenye wafanyakazi kumi wa mshahara huo atalipa shilingi 7,500 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka mzima ni 90,000. Tajiri wa mashine, hebu linganisha fedha hiyo na bei ya mkanda mmoja wa mashine yako au tairi moja la trekta. Trekta ina bima, na bila bima hulitoi barabarani. Je, aliyeketi juu ya trekta asiwe nayo?

VISINGIZIO

Wengine husema, hawa ni vibarua tu, hawana barua ya ajira. Ndugu, Mungu hakumwuliza mwenye nyumba kama aliyepanda darini ana barua. Na sheria yetu nayo hutambua mapatano ya mdomo kama ya maandishi, na malipo ya kazi kwa kipande kama malipo ya muda.

Wengine huandika wafanyakazi watatu, kumbe shambani wako ishirini. Hao kumi na saba waliofichwa hawakufichwa machoni pa Mungu. Yakobo ameandika katika waraka wake, sura ya 5, kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mchango uliozuiliwa nao una sauti, ingawa husikika siku ya ajali.

Na liko baya zaidi. Mtu akiumia, huambiwa, ukifika hospitali sema umeanguka nyumbani, umeanguka mtini. Mgonjwa kwa kuogopa kufukuzwa anasema hivyo, mganga anaandika hivyo, na kwa mstari ule mmoja wa uongo njia ya fidia yake huzibwa. Mwajiri afanyaye hivyo ameivunja amri ya tisa kwa kinywa cha mtu mwingine, tena kinywa cha mgonjwa. Tunawasihi wauguzi na waganga walio washarika wetu wamwulize mgonjwa kwa upole, bosi akiwa nje, aliumia wapi na akifanya kazi gani.

Wengine husema, Mungu atatulinda. Ni kweli, Mungu hulinda. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyeagiza ukingo ujengwe. Imani isiyopanga tofali si imani. Ni uvivu uliovaa kanzu.

KANISA NALO LINA DARI

Tusiwahubirie matajiri tu. Parishi nyingi zina mlinzi, zina mwalimu wa shule ya awali, zina mpishi, na wakati wa ujenzi zina mafundi na wasaidizi wao. Machoni pa sheria parishi ni mwajiri, na mbele za Mungu ni mwajiri mara mbili, maana imelichukua jina lake. Kwa hiyo kila halmashauri ya parishi na ifanye haya katika mkutano wake ujao: iyasome majina ya wote inaowalipa, mmoja mmoja, mweka hazina aoneshe stakabadhi za michango, na fundi akija kujenga au kuezeka, iulizwe kabla ya msingi kuchimbwa ni nani aliye mwajiri wa vijana wake na kama wameandikishwa. Swali hilo liandikwe katika mapatano.

KWA NINYI MLIO WAFANYAKAZI

Nanyi wapendwa, msiogope kuuliza. Kumwuliza mwajiri, je, tumeandikishwa katika Mfuko, si ukaidi wala si utovu wa heshima. Mkiumia, mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo, na wenzenu walioona wakumbuke siku na saa. Hospitali semeni kweli. Tunzeni karatasi zote mlizopewa, hata ile ndogo ya dawa. Mwajiri akikataa kutoa taarifa, nendeni ofisi ya Mfuko au kwa afisa kazi wa mkoa mkaeleze. Wala msikate tamaa kwa kusikia kwamba hakujiandikisha, maana kosa lake halifuti haki yenu ya kusikilizwa. Wazee wa kanisa na mama zetu wa Umoja wa Mama, msiishie kumpelekea mgonjwa uji. Mwulizeni pia siku ya ajali, mhesabu ile miezi 12, na kama hajui kusoma, mmoja wenu afuatane naye.

Vaeni pia vifaa mnavyopewa, na msiondoe kizuizi cha mashine ili kazi iende haraka. Ukingo ukijengwa, asiwepo wa kuuruka.

MSAMARIA NA DINARI MBILI

Tumalizie na yule Msamaria wa Luka 10. Mnajua kwamba alimfunga majeruhi vidonda. Lakini kesho yake alifanya jambo la pili ambalo wahubiri hulisahau. Alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Alijua kwamba kidonda hakiponi kwa siku moja, kwa hiyo aliweka fedha kwa ajili ya siku ambazo yeye hatakuwapo.

Naye Msamaria hakuwa amemjeruhi mtu yule. Hakuwa amempeleka njia ile, wala hakupata faida kwa safari yake. Kama mgeni asiye na deni alilipa hivyo, itakuwaje kwetu tuliomwita kijana wa jirani aje kwenye shamba letu, tukamsimamisha penye mashine yetu, tukala jasho lake?

Siku ya Mavuno tutaleta masuke ya ngano madhabahuni, na mkate wa Meza ya Bwana utavunjwa. Ngano ile imepita katika mikono ya watu. Mwajiri ajapo kupokea, na aje akiwa ameiandika mikono hiyo katika daftari na kulipa ipasavyo kwa ajili yake. Bwana wetu katika Mathayo 5 alisema kwamba mtu akumbukaye madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale, aende kwanza akapatane naye. Mwenye kujikumbuka leo, kabla ya siku ya Mavuno bado ana muda wa kwenda.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, ambaye Mwana wako alifanya kazi ya useremala kwa mikono yake, tunakukumbukia wote walioumia kazini katika Mbulu na Hanang, na wajane na yatima wa waliokufa. Uwape waajiri wetu moyo wa haki, wasimfiche mtu katika hesabu zao. Uwape wafanyakazi ujasiri wa kusema kweli. Ulipe Kanisa lako nguvu ya kulitenda lile linalolihubiri. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.